Pembetatu za Volkov na Dhana Yetu ya Mila

Majuma machache yaliyopita niliingia katika chumba cha mihadhara nikiwa na nakala ya mchoro mmoja iliyochapwa kitabuni. Somo lilikuwa la isimujamii, na mada ya siku hiyo ilikuwa maneno ya mkopo. Mchoro wenyewe ulichorwa mwaka 1924 na Alexander Volkov, na kwa lugha yetu tungeweza kuuita Nyumba ya Chai ya Komamanga. Niliuinua mbele ya darasa, nikawataka wanafunzi waniambie wanaona nini. Kimya kilitanda. Hatimaye kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye si mvivu hata kidogo, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, ulituambia tutaona maisha ya kimila ya Wauzbeki. Mimi naona pembetatu."

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Hata hivyo jibu lile limekataa kunitoka akilini. Katika miaka ya 1930 walikuwako watu wenye mamlaka waliomwambia Volkov karibu neno lilo hilo, nao hawakuwa wakicheka.

Sina budi kukiri kwamba kijana yule alisema kweli. Pembetatu zimo, tena ni nyingi. Watu walioketi kunywa chai wamechongwa kwa pembe na mistari mikali, na mavazi yao yamekunjwa yakawa vipande kama vya kioo kilichovunjika. Juu ya yote imetawala rangi nyekundu, nyekundu ya komamanga lililopasuliwa, hata mtu hajui mwanga unatoka wapi: nje, au ndani ya wanywaji wenyewe. Mwenye kutafuta nakshi za kofia na darizi za kanzu, ili aseme "hivi ndivyo Wauzbeki wanavyovaa", ataondoka mikono mitupu.

Lakini nyumba ya chai ni nini? Wauzbeki huiita choyxona. Ni mahali ambapo wanaume hukaa juu ya majukwaa mapana yaliyotandikwa mazulia, aghalabu chini ya miti na karibu na maji yapitayo, wakinywa chai ya kijani kwa vibakuli visivyo na mkono. Chai hutiwa kidogo kidogo, maana kumjazia mgeni kibakuli hadi ukingoni ni kama kumwambia anywe aende zake. Hapo watu hushindana kwa utani wa papo kwa papo uitwao askiya, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2014. Hapo pia husikika dutor, chombo chembamba chenye nyuzi mbili, na doira, ngoma ya duara ipigwayo kwa vidole. Mpigaji wa doira huanza polepole, kisha vidole vikagawanya pigo moja kuwa mawili, mawili kuwa manne, hadi msikilizaji akashindwa kuhesabu. Kwa maoni yangu hicho ndicho Volkov alichokichora. Pembe moja inazaa nyingine, nyekundu inajibiwa na nyekundu iliyokolea zaidi, na jicho halipewi nafasi ya kupumzika. Alichora sherehe jinsi inavyosikika kwa mtu aliyemo, wala si jinsi inavyoonekana kwa mpita njia mwenye kamera.

Na sikuuchagua mchoro huu kwa sababu ya rangi tu. Msomaji na ajaribu kuyatamka majina ya vitu vyake. Choy ni chai. Xona ni nyumba kwa asili ya Kiajemi, nasi tunalo neno hilo limejificha ndani ya karakhana. Doira ni ndugu wa damu wa duara. Muziki wao mkuu wa kale huitwa Shashmaqom, yaani maqom sita, na maqom hiyo ndiyo iliyotupatia sisi makamu, kwa maana ya kushika mahali pa mtu. Sikukuu yao ya tarehe 21 Machi, ambapo wanawake hukesha wakikoroga uji wa ngano iliyochipuka huku wakiimba, ni Navruz, na wazee wa pwani yetu wanaijua Nairuzi, siku ya mwaka wa Waswahili. Ni tunda pekee lililokataa undugu: wao husema anor, sisi tukalipa jina la Manga, nchi ya Waarabu, kana kwamba lilishuka jahazini jana.

Hayo niliyasema darasani, na wanafunzi wakayaandika kwa bidii. Ndipo mmoja akauliza swali zito kuliko la pembetatu: huyu Volkov ni Mrusi, je, ana haki gani ya kuwa shahidi wa mila za Wauzbeki?

Volkov alizaliwa mwaka 1886 mjini Fergana, mtoto wa daktari wa jeshi la Urusi, jeshi lililoiteka nchi ile. Alisomea uchoraji St Petersburg na Kiev, kisha akarudi Tashkent, akaishi na kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1957. Basi ni mtoto wa mtawala aliyezaliwa katika nchi iliyotawaliwa, na sitaki kulipaka asali jambo hilo. Jicho lake lina mipaka. Katika choyxona yake sioni mwanamke, ilhali nusu nzima ya muziki wa sherehe za Wauzbeki ilikuwa ndani ya nyumba, mikononi mwa waimbaji wanawake kama wale waitwao xalfa kule Khorezm. Mlango huo hakufunguliwa. Mwenzake Alexander Nikolaev, aliyezaliwa Voronezh na kusoma kwa Malevich, alikwenda mbali zaidi, hata akajiita Usto Mumin. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni Ustadhi Mumini. Mwaka 1938 ustadhi huyo alikamatwa, akafungwa hadi mwaka 1942.

Kosa la Volkov liliitwa ufomalisti, maana yake kulitukuza umbo na kuidharau maana. Michoro yake ya mwanzo iliondolewa kwenye kuta za makumbusho, kwa hoja kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuielewa. Hebu tuipime hoja hiyo. Dola iliyomhurumia mwananchi kiasi hicho ndiyo iliyomwondoa Mwuzbeki katika hati ya Kiarabu na kumtia katika ya Kilatini mwaka 1929, na kabla hajaizoea ikamhamishia katika hati ya Kisirili mwaka 1940. Mtu aliyeweza kusoma barua ya babu yake akawa hawezi, na mwanawe akashindwa kusoma barua yake yeye. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya kurudi Kilatini. Hata Navruz yenyewe viongozi wa chama waliipiga marufuku katikati ya miaka ya 1980, kabla haijarejeshwa. Je, ni nani hapo aliyekuwa akizungumza na umma kwa lugha usiyoielewa? Mchoraji wa pembetatu?

Nasema haya kwa sababu hoja ileile inaishi miongoni mwetu, na sisi walimu ndio tunaoilisha. Ombeni insha kuhusu sherehe za kimila, na mtaletewa orodha: mavazi, chakula, ngoma, faida zake. Atakayeandika kuhusu harusi ya dada yake kwa sentensi zilizokatikakatika, kwa sababu usiku ule wenyewe ulikatikakatika kwa vigelegele na vilio, atapigwa wino mwekundu kwamba hakufuata muundo. Ni hukumu iliyompata Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Wapo walioapa kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi, wala hapana Uswahili. Miaka imepita, mashairi huru yanatahiniwa shuleni, na mashairi ya arudhi hayajafa. Lakini tabia ya kudhani kwamba mila ni umbo lake la nje tu haikuondoka na mjadala ule.

Sisemi kila kazi isiyoeleweka ni kazi bora. Nimesoma miswada ya wanafunzi ambayo giza lake halina kitu nyuma yake, na nimewarudishia wenyewe. Ninachodai ni subira ya kutazama kabla ya kuhukumu, subira ambayo Igor Savitsky alikuwa nayo. Bwana huyo alifungua makumbusho mwaka 1966 mjini Nukus, jangwani Karakalpakstani, mbali na macho ya wakubwa wa Moscow, akakusanya makumi ya maelfu ya vitu. Michoro iliyokataliwa ilining'inizwa pamoja na mazulia na vito vya wenyeji, jengo moja, bila mtu kuulizwa kipi ndicho mila.

Kijana wa safu ya nyuma alinifuata baada ya kipindi, akaniomba kitabu. Alinirejeshea baada ya siku nne, akaniuliza kama angeweza kuuona mchoro wenyewe siku moja. Nikamwambia upo Moscow, katika jumba la Tretyakov. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hata mwanafunzi wa Fergana," akasema, "huuona kitabuni kama mimi."