Sanduku Kavu Halitoshi

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, kwenye barabara iendayo Pugu na Kisarawe, yalilipuka. Watu wasiopungua 20 walipoteza maisha, na maelfu waliyakimbia makazi yao. Msiba wa namna hiyo ulikuwa umeikumba Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Uhifadhi wa risasi na mabomu, basi, si jambo la wanajeshi peke yao.

Aghalabu hudhaniwa kwamba adui wa risasi ni unyevu tu. Sanduku la chuma lenye ukanda wa mpira kwenye kifuniko, pamoja na kifuko cha punje za silika zinyonyazo maji, huonekana kuwa dawa tosha, tena ya bei nafuu. Ni kweli kwamba sanduku hilo huzuia kutu. Lakini haliwezi kuzuia joto.

Baruti isiyotoa moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huchakaa polepole hata ikiwa kavu. Ichakaapo hutoa oksidi za nitrojeni, nazo huzidi kuharakisha uchakavu huo. Kwa sababu hiyo huchanganywa na kemikali, kama vile difenilamini, ili izinase gesi hizo. Kemikali hiyo ikiisha, baruti yaweza kujipasha moto mpaka ikawaka bila kuguswa na mtu. Tena, kwa kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko ya kikemia huongezeka kama mara mbili. Kontena lililoachwa katika jua la Pwani, hata liwe kavu namna gani, hufupisha umri wa baruti iliyomo. Hapana budi pawepo kivuli, hewa ipitayo, na upimaji wa sampuli kila baada ya muda.

Hata hivyo, kinga kuu ni umbali. Umbali wa usalama hufuata kipeuo cha tatu cha uzito wa baruti: shehena ikiongezeka mara 8, umbali huongezeka mara 2. Hesabu hiyo haina maana iwapo nyumba zitajengwa hadi kwenye uzio.

Jiji la Dar es Salaam linazidi kupanuka kuelekea Kibaha na Kisarawe. Wako watakaosema kwamba ardhi ni ghali, na kwamba wananchi wanahitaji viwanja. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kiwanja kilicho jirani na ghala la mabomu si rahisi kwa bei yoyote. Popote litakapowekwa ghala, ardhi ya kulizunguka itengwe kabla ya kupimwa viwanja. Nje ya ukanda uliofyekwa dhidi ya moto, ardhi hiyo yaweza kupandwa mikorosho.

Wanafunzi wa Kibaha na Minaki wanaweza kuuthibitisha ukweli huu bila kugusa risasi hata moja. Makopo mawili makavu, moja juani na jingine kivulini, pamoja na vipimajoto viwili, yatatosha.