Petroli ya bei ya juu: Injini inanufaika au ni mfuko unaoumia?

Alfajiri, kabla abiria wa kwanza hawajapanda teksi huko Ggaba, kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, dereva huwa na uamuzi wa kufanya utakaogusa mapato ya siku nzima: ajaze petroli ya kawaida, au aongeze fedha anunue ile ya daraja la juu inayouzwa katika baadhi ya vituo vya mafuta. Wapo wanaoamini kwamba iliyo ghali ndiyo yenye nguvu. Imani hiyo haiungwi mkono na ufundi wa injini.

Kinachotofautisha madaraja ya petroli ni kipimo cha oktani. Kipimo hicho hakionyeshi wingi wa nguvu iliyomo katika mafuta, bali uwezo wake wa kustahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kuwaka kabla ya wakati. Mafuta yakiwaka ovyo, injini hugonga, na pistoni huweza kuharibika. Injini zenye mgandamizo mkubwa au turbo mara nyingi huhitaji oktani ya juu. Injini ambayo haikuundwa hivyo haipati faida ya maana.

Asili ya magari ya Uganda inasaidia kupata jibu. Mengi kati yake yalikwisha kutumika nchini Japani, ambako petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Gari lililoundwa kutumia petroli ya kawaida huko halibadilishi mahitaji yake kwa kuvuka bahari. Isitoshe, Ggaba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya mwinuko huo hupunguza uwezekano wa injini isiyo na turbo kugonga.

Gharama ya kutolijua hilo si ndogo. Mwaka 2016, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kuwa madereva wa nchi hiyo walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 katika mwaka mmoja kwa kununua petroli ya daraja la juu ambayo magari yao hayakuihitaji.

Hata hivyo, wapo wanaolipa zaidi kwa sababu nyingine iliyo nzito: hofu ya mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani na kuidhuru injini. Lakini daraja la mafuta si hati ya usafi wake. Usafi hulindwa kwa ukaguzi, na nchini Uganda kazi hiyo hufanywa na Wizara ya Nishati pamoja na Shirika la Viwango, UNBS, kwa kutia alama maalumu katika mafuta na kuyapima vituoni.

Kwa dereva ambaye jioni anadaiwa hesabu na mwenye gari, ushauri wa kwanza ni kujua mtengenezaji aliagiza nini. Maelezo hayo aghalabu huwa katika kitabu cha gari au penye kifuniko cha tangi. Yakiwa yameandikwa kwa Kijapani, fundi anaweza kuyatambua kwa aina ya injini. Iliyoagizwa petroli ya daraja la juu ipewe. Iliyotosheka na ya kawaida haina inachodai zaidi ya mafuta safi.