Makaburi si parseli

Kila tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, sisi watu wa Bukavu tunabeba jembe na panga asubuhi, tunaenda kusafisha makaburi ya wazazi wetu. Nyuma ya saa sita tunakula pamoja na watoto. Kongo nzima inafanya hivyo. Lakini pale Ruzizi jembe linakosa pa kulima, nyumba zimesogea mpaka kati ya misalaba. Mwaka mmoja tulikuta kaburi la mama yetu mkubwa limekuwa msingi wa jiko. Mwenye nyumba akatuonyesha karatasi yenye muhuri: «Mwalimu, mufu hana kitu ya kusema. Miye niko na makaratasi.»

Tunaambiwa: mji umejaa, vita vimeleta watu mingi toka vijijini, wazima walale wapi? Swali ni la haki. Ila anayeuza hizo parseli si yule aliyekosa pa kulala. Anayeuza yuko na nyumba yake, tena nzuri.

Tuangalie London, kwa hao wazungu tunaosema hawajali wafu wao. Viwanja vya makanisa vilijaa maiti, kuzika kukakatazwa. Mwaka 1863 makaburi ya kanisa la St Botolph, Bishopsgate, katikati ya mji wa biashara, yakafanywa bustani ya watu wote. Mwaka 1884 ikatoka sheria: juu ya makaburi yaliyofungwa hakuna kujenga, isipokuwa kupanua kanisa lenyewe. Mahali pengi mawe yenye majina yalisimamishwa kandokando ya ukuta, na leo makarani wanakaa hapo saa sita, wanakula mkate.

Hapa wazee wetu watapiga kelele: kula juu ya wafu! Wazee, samahani. Huko kijijini mlizika wapi? Si karibu na nyumba, kwenye migomba, na sisi watoto tukacheza palepale? Mfu hakutupwa mbali. Tunachokataa sisi ni kung'oa jiwe bila kuita jamaa.

Basi Ruzizi izungushiwe ukuta, ipandwe miti, udongo usiteremke na mvua, viwekwe viti. Na waliotia muhuri waitwe wajieleze mbele ya watu.

Tarehe 1 Agosti inayokuja tutakwenda na jembe, na daftari pia, tuandike majina yanayosomeka bado. Mwenye kalamu aje.