Mzee Alisema "Gari"

Mzee mmoja wa Nyamongo alinisimulia jinsi kaya yake ilivyohama kuupisha mgodi wa dhahabu. "Mabati tuliyabeba kwa gari," alisema. Mwanafunzi niliyefuatana naye akaandika daftarini: gari lilikodiwa. Halikukodiwa. Lilikuwa gari la mzee mwenyewe, la magurudumu mawili, likivutwa na maksai wake, na lilikwenda na kurudi siku kadhaa.

Simlaumu kijana. Amelelewa katika Kiswahili cha ofisini, ambamo gari lisilo na injini si gari. Lakini neno hili ni kongwe kuliko injini yenyewe. Lilitujia kutoka Bara Hindi, na huko hadi leo gari la ng'ombe huitwa kwa neno hilohilo. Treni ilipofika, wazee wetu waliiita gari la moshi. Pwani lilikuwapo gari la farasi. La punda bado lipo. Chombo cha petroli, kilipoingia, ndicho kilichotafutiwa jina la pembeni: motokaa. Leo mgeni amelitwaa jina la ukoo mzima, na wenye jina wameachiwa "mkokoteni", neno ambalo, ukilisikiliza vema, limebeba amri ndani yake: kokoteni!

Najua yupo atakayesema haya ni mambo ya wanaisimu. Basi na asome kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001. Posho ya usafiri imeelezwa humo kuwa gharama halisi ya kusafirisha tani 12 za mizigo, kwa reli au barabara, ndani ya kilomita 20. Injini haikutajwa. Barabara ni barabara, hata ikipitwa na kwato.

Hivyo ofisa anayemwuliza mkulima "ulikuwa na gari?", kisha akajaza "hapana" kwa sababu hakuona lori wala stakabadhi ya dereva, amefuta kwa kalamu moja siku za kazi za maksai, ekseli iliyovunjika njiani, na vijana waliosukuma nyuma mlimani. Kwa lugha yake, kaya ile ilihama bure. Huo si uhaba wa msamiati. Ni dhuluma iliyojificha katika nomino.

Ndugu mtumishi wa umma, utakapofika tena Matongo au Kewanja na fomu yako mkononi, mwenyeji akitaja gari, muulize kwanza: la nini?