Mwezi wa Tatu Kijijini

Kijana wa kijiji cha Mvumi, mkoani Dodoma, aliyezama kwenye kokeini huko Dar es Salaam akirudishwa kwao, ndugu hushusha pumzi. Anapewa jembe, anapalilia uwele na zabibu, mashavu yanajaa. Mwezi wa pili wazee wanasema amepona. Mwezi wa tatu anapewa nauli akatafute kazi mjini, huko anarudia yale yale, na hukumu haichelewi: hana nia, kichwa kigumu.

Hukumu hiyo ni uonevu mtupu. Imani kwamba sumu ikishatoka mwilini mtu amepona inawaangamiza vijana ambao wangesaidika.

Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa panya waliozoeshwa kubonyeza kitufe ili wapate kokeini. Dawa ikakatwa, kisha wakarudishwa kwenye kitufe kisichotoa dawa tena. Waliokaa siku 60 bila kokeini walikibonyeza zaidi kuliko waliokaa siku moja. Mwili ulikuwa safi zamani, hamu ndiyo kwanza inakua.

Chanzo kimojawapo kimo ndani ya seli za ubongo. DNA imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ikibanwa, jeni hazisomeki, ikilegezwa, zinasomeka. Kokeini ya mara kwa mara hubandika na kubandua alama za kikemikali kwenye histoni hizo, katika sehemu ya ubongo inayohusika na raha. Tangu miaka ya 1990, mtafiti Mmarekani Eric Nestler na wenzake wameonyesha kwamba protini ya deltaFosB hulundikana humo na kudumu kwa wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, ikiamsha jeni hizi na kuzilaza zile. Jeni zenyewe ni zile zile alizozaliwa nazo mtu. Ni kweli, ushahidi mwingi umetoka kwa panya, lakini nani Mvumi hajaona kijana mnene, mchapakazi, akibadilika ghafla baada ya kukutana na rafiki wa zamani?

Wengine hutegemea methadoni inayotolewa Itega, chini ya Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Hiyo ni dawa ya waraibu wa heroini. Kwa kokeini au mirungi haifui dafu. Kwa vichangamshi kama kokeini, njia yenye ushahidi mzito zaidi ni ushauri nasaha pamoja na zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi, jambo alilolijaribu mtafiti Stephen Higgins huko Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi hiyo huchukua miezi, na mwezi wa tatu, wazee wanapompa kijana nauli, ndipo anapohitaji mtu wa kwenda naye kwenye ushauri huo.