Mwalimu naye anahitaji wa kumsikiliza

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo imewalea wengi, na kawaida husemwa na mkubwa akimwonya mdogo. Lakini katika ofisi za walimu kuna guu jingine linalovunjika kila muhula, nalo ni la mkuu asiyesikia la mdogo.

Tuseme ni mwalimu kijana wa darasa la pili, yuko mwaka wake wa pili kazini, ana wanafunzi 90 katika chumba kimoja. Mwalimu mwenzake mwenye uzoefu wa miaka 20 ameombwa na mwalimu mkuu aingie darasani, akae nyuma, aone somo la kusoma kisha amsaidie.

Kipindi kinakwisha. Wakiwa bado mlangoni, watoto wakipita katikati yao, mkubwa anaanza: “Darasa lako limepoa mno, Madam. Changamka. Paza sauti. Na zana ziko wapi?”

“Sawa, mwalimu, nimekuelewa,” kijana anajibu. Kisha anajifungia chooni na kulia.

Wiki inapita na darasa ni lile lile. Mkubwa analalamika ofisini kwamba vijana wa siku hizi hawashauriki. Kijana anaanza kuulizia uhamisho. Na kwenye dawati la nyuma, mtoto wa mtu anaendelea kuimba kitabu kwa kufuata midomo ya wenzake, hajui herufi hata moja.

Ndiyo maana mazungumzo ya walimu wawili ofisini yanamhusu mzazi aliye nyumbani.

Kumwongoza mwenzako ni kazi nyingine

Tanzania ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA. Badala ya kusubiri semina ya mbali, walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za ujifunzaji, wakajadili mada ngumu, wakatazamana wakifundisha na kusaidiana. Haja hiyo imeongezeka tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024.

Utaratibu wa namna hii una faida. Mwaka 2018, watafiti Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya matokeo ya tafiti 60 kuhusu walimu wanaoongozwa na wenzao au wataalamu, nyingi zikiwa za Marekani. Walikuta kwamba ufundishaji uliboreka, na matokeo ya wanafunzi nayo yakapanda. Walikuta pia kwamba mipango ikipanuliwa kufikia walimu wengi, faida hupungua. Kuwatawanya wasimamizi ni rahisi kuliko kutunza ubora wa mazungumzo yenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwalimu amezoea kueleza. Siku nzima yeye ndiye anayesema na wengine wanasikiliza. Akikaa mbele ya mwalimu mwenzake, mazoea hayo hayamwachi, naye humfundisha mtu mzima kama anavyomfundisha mtoto wa darasa la tatu.

Sekunde 18 za daktari

Walimu si peke yao. Mwaka 1984, watafiti Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walichapisha utafiti wa mazungumzo 74 kati ya daktari na mgonjwa. Kwa wastani, mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza kilichomleta. Wagonjwa waliofanikiwa kumaliza maelezo yao ya kwanza hawakufika hata robo.

Hatari ya kukatiza inajulikana hospitalini. Jambo la kwanza analotaja mgonjwa huenda lisiwe lile linalomsumbua zaidi. Daktari akidaka la kwanza na kuandika dawa, ugonjwa wenyewe unarudi nyumbani na mgonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa pale mlangoni. Mkubwa aliona darasa limepoa, akaandika dawa ya “paza sauti”. Hakuuliza lolote kwanza.

Yanayoweza kujifunzwa

Kusikiliza si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni kazi yenye hatua, na kila hatua inaweza kufanyiwa mazoezi.

*Mahali na wakati.* Mlangoni si mahali pake, wala ofisini mbele ya walimu wengine. Wawili watafute kivuli au darasa lililo tupu, wakae ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana kama hakimu na mshtakiwa, na simu ziwe kimya. Mwalimu aliyetoka darasani akitetemeka apewe kwanza maji na dakika kumi za kupumua.

*Kunyamaza.* Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua, katika tafiti zilizojulikana sana miaka ya 1970, kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu zaidi, na waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Mtu mzima naye anahitaji nafasi hiyo. Jibu la kwanza mara nyingi ni la adabu: “Somo limekwenda vizuri.” La kweli hufuata ukimya.

*Swali lisilo na mtego.* “Kwa nini hukuleta zana?” ni mashtaka yaliyovaa nguo za swali, na anayeulizwa atajitetea. “Wewe mwenyewe umelionaje somo la leo?” linamwachia mlango wazi. “Ni sehemu gani ilikuchosha?” linamsaidia kufika penyewe.

*Kurudisha ulichosikia.* Msikilizaji arudie kwa maneno yake: “Kama nimekuelewa, asubuhi unaanza vizuri, lakini kufika kipindi cha tatu mambo yanakuwa mazito. Ndivyo?” Kama amekosea, atasahihishwa. Kama amepatia, mwenzake atajua kwamba amesikilizwa, na atasema zaidi.

*Kusema kilichoonekana.* “Darasa limepoa” ni hukumu. “Nimehesabu watoto sita walionyoosha mikono, na wote wanakaa madawati ya mbele” ni jambo lililotokea. Hukumu huzaa ubishi, lakini idadi huwapa wawili kitu cha kutazama pamoja.

*Jambo moja tu.* Anayetoka na maagizo tisa hafanyi hata moja. Wachague moja la kujaribu, na wapange siku ya kukutana tena.

*Siri.* Aliyosema mwalimu chini ya mwembe yabaki chini ya mwembe. Mficha uchi hazai, lakini hakuna atakayefunua udhaifu wake akijua kesho utakuwa kicheko wakati wa chai. Mwalimu mkuu naye asiyageuze mazungumzo hayo kuwa ripoti ya kumwadhibu mtu.

Walichogundua mara ya pili

Turudi kwa wale wawili. Tuseme mkubwa anajirudi. Anamfuata kijana siku ya pili: “Mwalimu, juzi nilisema mengi na sikukuuliza. Nisamehe. Naomba unieleze siku yako inakwendaje.” Kisha ananyamaza.

Kijana anasita, halafu anaanza. Anafundisha vipindi mfululizo. Ili asikike na watoto 90 anapiga kelele tangu asubuhi. Kufika kipindi cha tatu sauti imekwisha, koo linawaka. Ndiyo maana anaandika ubaoni na kuwaacha watoto wanakili, au waimbe pamoja. Si kwamba hakujiandaa. Sauti haikumtosha, naye aliona aibu kusema.

Ushauri wa “paza sauti” ulikuwa unamuumiza.

Tatizo hilo ni la kweli na ni la wengi. Utafiti uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionesha kuwa asilimia 11 ya walimu walikuwa na tatizo la sauti wakati walipoulizwa, ikilinganishwa na asilimia 6.2 ya watu wa kazi nyingine. Waliowahi kulipata wakati wowote maishani walikuwa zaidi ya nusu ya walimu. Nyuzi za sauti ni misuli na utando, nazo huchoka na kuvimba zikitumiwa kwa nguvu bila kupumzika.

Baada ya hapo wanapanga pamoja. Mwalimu aje na chupa ya maji na anywe kidogo kidogo. Badala ya kupaza sauti kutuliza darasa, atumie makofi yenye mdundo ambao watoto wataujibu. Kila baada ya maelezo mafupi, watoto wasomeane wawili wawili, yeye apite kati ya madawati akisikiliza. Asinong’one kwa kujikaza pale sauti inapokwama, maana hilo nalo huumiza koo. Na kama ukakamavu wa sauti utaendelea zaidi ya wiki tatu au nne, aende hospitali akachunguzwe.

Katika kupita kati ya madawati ndipo anapofika dawati la nyuma. Kwa mara ya kwanza anamsikia yule mtoto akiwa peke yake, bila kwaya ya wenzake, na anatambua kwamba hajui herufi. Ni habari mbaya, lakini sasa imejulikana, na kuna wa kuifanyia kazi.

Mdogo anapomwongoza mkubwa

Mara nyingine mambo hugeuka. Kijana aliyetoka chuo majuzi ndiye anayeujua mtaala mpya au kompyuta, naye anaombwa amsaidie mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe darasa la nne. Hapo heshima ndiyo ufunguo. Shikamoo kwanza. Kisha kijana aanze kwa kuomba: “Mwalimu, hizi hesabu za sehemu wewe ulikuwa unazifundishaje?” Mzee akieleza, njia yake itakuwa na mambo mengi ya kubaki nayo, na lililo jipya litapata mahali pa kushikilia. Akianza na “siku hizi hatufundishi hivyo”, mlango umefungwa.

Mkubwa naye ana la kujifunza. Kuelekezwa na mdogo hakumpunguzii mtu mvi zake.

Kwa mzazi

Mzazi anaweza kusaidia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni shuleni. Wengi humfuata mwalimu siku ya matokeo wakiwa na hasira: “Mwanangu anashindwaje kusoma na wewe upo?” Mwalimu aliyesemwa hivyo atajitetea, na mtoto atasahaulika katikati. Mzazi aanze na salamu, kisha aulize: “Mwalimu, unamwonaje mwanangu darasani? Nyumbani tumsaidie wapi?” Halafu anyamaze. Kwenye mikutano ya wazazi nako, inafaa kuuliza kama walimu wana muda kwenye ratiba wa kukaa na kusaidiana, na darasa moja lina watoto wangapi.

Ya pili ni nyumbani. Mtoto akiulizwa “Leo umejifunza nini?” hujibu “Hamna kitu”, na mazungumzo yanaishia hapo. Mzazi ajaribu swali dogo zaidi: “Leo nani alikaa na wewe? Kitu gani kilikuwa kigumu?” Ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuongeza neno. Mtoto akisema “Sipendi shule”, asimkatize kwa “Wee, nyamaza, shule ndiyo maisha.” Amrudishie: “Hupendi shule. Kuna kitu kimetokea?” Huenda anaonewa njiani, haoni ubao, au ni yule wa dawati la nyuma anayeimba kitabu asichokijua.

Nyuma ya mtoto anayejua kusoma huenda kuna mwalimu aliyepata wa kumsikiliza. Wiki hii mzazi akimkuta mwalimu wa mwanawe njiani, amwamkie, amuulize habari za kazi, na asubiri jibu lote.