Mama Mjamzito Asikilizwe

Kliniki ya wajawazito ni miongoni mwa huduma ambazo Taifa lina haki ya kujivunia. Tangu Tanzania ilipoanzisha mpango wa afya ya mama na mtoto mwaka 1974, huduma hiyo imefika hata katika zahanati za vijijini, na kwa sera ya nchi mjamzito hatozwi malipo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya, wajawazito waliohudhuria kliniki mara 4 au zaidi waliongezeka kutoka asilimia 51 mwaka 2015-16 hadi asilimia 65 mwaka 2022. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida ilikojengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ni mfano wa juhudi za kuwasogezea wananchi huduma. Hata hivyo, majengo na vipimo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna mama anavyopokewa.

Katika sehemu nyingi za nchi yapo malalamiko ya aina moja. Mama huacha palizi ya alizeti au mtama, akatembea alfajiri na kukaa kwenye benchi mpaka jua likawa la utosi. Zamu yake ikifika, hupimwa uzito na shinikizo la damu, tumbo likapapaswa, kadi ikajazwa, akatajiwa tarehe ya kurudi. Kabla hajajifunga khanga vizuri, mwenzake ameshaitwa. Swali alilotoka nalo nyumbani hurudi nalo.

Jambo hili lilikwisha kupimwa kwa saa. Utafiti uliofanywa Mtwara na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hudhurio la kwanza lilichukua wastani wa dakika 15, na marudio dakika 9. Kwa utaratibu uliokusudiwa, zilihitajika dakika 46 na 36. Kinachopotea kwanza katika upungufu huo ni mazungumzo.

Nayo mazungumzo si anasa. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, yote haya huweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Mengine mashine haiyaoni. Husemwa na mama mwenyewe, naye husema akiulizwa kwa upole. Aliyekemewa mara moja mbele ya wenzake hunyamaza mara ya pili, na mara ya tatu huenda asije. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mhudumu mara 8 badala ya 4, lilisisitiza pia mawasiliano mema na heshima kwa mama. Kuongeza mahudhurio bila kuongeza usikivu ni kumwongezea mama safari tu.

Haitakuwa haki kumtwisha muuguzi lawama yote. Mara nyingi yeye ni mmoja mbele ya foleni ndefu, na baada ya kumpima mama humngoja vitabu vya MTUHA, ambavyo lazima vijazwe. Uhaba wa watumishi ni mzigo wa Serikali na halmashauri, na dawa yake ni ajira na mgawanyo wa haki baina ya miji na vijiji.

Lakini yapo yasiyongoja bajeti. Wajawazito wagawanywe kwa siku na saa, badala ya wote kuitwa asubuhi moja. Mafunzo ya pamoja yatolewe wakati wa kungoja, ili dakika za chumbani ziwe za mama peke yake. Uandishi wa vitabu usaidiwe na mtumishi mwingine inapowezekana. Na kila mama, kabla hajainuka, aulizwe: una swali gani? Kauli njema haiagizwi kutoka bohari ya dawa.

Kamati za afya za vituo, ambazo ndizo sauti ya wananchi, zisiridhike na hesabu ya waliohudhuria. Ziwaulize akina mama wenyewe walisikilizwaje, na majibu yao yapelekwe kwa waganga wafawidhi na halmashauri ili yafanyiwe kazi.